Kinywa cha Kwanza

Jino la Nietiwe lilikatika saa nne asubuhi, mbele ya wenzake kumi na wanne, na halikutoa sauti yoyote.

Kila mwaka watoto wa chekechea waliletwa zahanati ya Kwambesa kutazama vitu vya kale, na kila mwaka Mkunde, nesi wa vinywa, alivipanga mezani kwa utaratibu uleule. Kwanza kijiti cha mswaki, ncha imetafunwa mpaka ikawa nyuzi. Kisha mkaa uliosagwa na chumvi ya mawe katika kifuu. Kisha mswaki wa plastiki ambao nywele zake zimelala upande mmoja, na mrija wa dawa ya meno uliokunjwa kutoka mkiani kwa kukamuliwa tone la mwisho. Mwisho kabisa, koleo.

"Hiyo ya kung'olea misumari," alisema mtoto mmoja.

"Ya kung'olea meno," alisema Mkunde. "Jino likioza, unashikwa na wanaume wawili, wa tatu anavuta."

Watoto walipiga kelele za furaha na woga.

"Na hii ni ya kufagia mdomo?" aliuliza mwingine, akiugusa mswaki wa plastiki.

"Ndiyo. Asubuhi na kabla ya kulala."

"Kila siku? Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

"Mh! Walikuwa na kazi hao!"

Ndipo Nietiwe, mwenye umri wa miaka minne, anayelelewa na bibi yake, akachukua kijiti. "Bibi anacho. Anafanya hivi," akasema, akakiuma. Alipokitoa, nusu ya jino lake la mbele ilibaki kwenye kijiti. Hakulia. Alikitazama kile kipande, akacheka, akakinyanyua wenzake wakione.

Mkunde alimwinua akamkalisha dirishani penye mwanga. Meno ya mtoto yalikuwa meupe, meupe kupita kiasi, meupe ya chaki. Alipopitisha ukucha juu ya gego, ukucha ukaacha mstari.

Kwambesa nzima hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini aliyewahi kuoza jino. Akajilazimisha kutabasamu. "Haya, sasa tucheze kiboko. Kila mmoja afungue mdomo wake wote, nione nani kiboko mkubwa."

Walifungua mmoja mmoja. Alipomaliza, alikuwa amehesabu saba wenye meno ya chaki. Wote wa miaka minne kushuka chini. Wote aliwafahamu tangu walipokuwa vichanga, maana wote alikuwa amewapakata kwa mikono yake.

*

Daktari Senkoro alifika kesho yake, Jumanne, na kisomeo chake, chombo kinachofanana na mzani mdogo wa sokoni. Watoto saba walitema mate, kila mmoja katika kisahani chake, na wazazi wakasimama ukutani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Kila mtoto wa nchi ile hutiwa tone la chachu siku ya tatu ya maisha yake. Ndani ya tone mna vijidudu waliofunzwa kula sukari bila kutoa tindikali inayotoboa meno. Watu huwaita walinzi. Kwa siku arobaini chachu hujifunza kinywa ilimowekwa, na tangu hapo haifanani na nyingine yoyote duniani. Husajiliwa kwa jina la mwenyewe. Na huwa na wivu: walinzi wa kinywa kimoja hufukuza walinzi wa kinywa kingine. Ndiyo maana akina mama walirudia mambo ambayo vitabu vya zamani vilikataza kwa wino mwekundu, kumtafunia mtoto nyama, kulamba naye kijiko kimoja. Zamani uozo wa mama ulipita kwenye kijiko ukaenda kwa mtoto. Sasa hakuna kinachopita.

Kisomeo kililia mara saba. Mara saba kikaandika jina la mtoto, na chini yake mstari wa pili: *Mgeni. Haina mwenyewe.*

"Haiwezekani," alisema baba mmoja. "Kila chachu ina jina."

"Kila kinywa kilichosajiliwa kina jina," alisema Daktari Senkoro. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapotaka kusema jambo zito. "Hii imetoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye daftari. Nesi, nani hapa Kwambesa hana chachu?"

Kabla Mkunde hajajibu, watu wote walikuwa wameshageuka. Nakiete, bibi yake Nietiwe, alikuwa ameketi mlangoni, mkongojo mapajani. Ndiye mtu pekee kijijini aliyekataa tone tangu lilipoletwa, akaendelea na kijiti chake.

"Mnanitazama nini? Nimeota pembe?"

"Bibi, tunaomba mate kidogo tu," alisema daktari. "Ukiwa huna kitu, tutajua."

"Mate yangu nabariki nayo wajukuu, baba. Nimewatemea vifuani wao, na mama yao kabla yao. Siwezi kuyatia kwenye mzani wa vitunguu."

"Ukikataa, tutalazimika kudhani ni wewe."

"Dhanini. Kudhani hakuna kodi."

Hakuna aliyecheka. Daktari alifuta miwani. Alieleza kwamba wazazi wa Nietiwe wako mbali kikazi, na kwamba kwa sheria ya afya mtoto anayelelewa na kinywa kisichosajiliwa anaweza kuondolewa. Angesubiri mpaka Alhamisi. Kama chanzo hakijajulikana, gari lingempeleka Nietiwe kwenye kituo cha wilaya, na bibi asingeruhusiwa kumlisha wala kumbusu.

"Na dawa?" aliuliza mama mmoja. "Meno ya mwanangu yanaisha!"

"Dawa ipo ikiwa tutapata vitu viwili. Chachu yenyewe kutoka kinywa ilichokaa muda mrefu, na jina la kinywa cha kwanza, pale ilipobadilika. Tukijua jina, tunafungua sampuli ya zamani makao makuu, tunalinganisha kabla na baada. Pale palipobadilika ndipo tunapoipiga. Bila hivyo, meno ya utoto yote yataisha, na ya ukubwa yataota yakiwa laini."

"Na ugonjwa utaitwa kwa jina lake huyo mtu?"

"Ndivyo sheria inavyosema."

Watu waliguna. Kila mtu alimjua Mashauri, ingawa hakuna aliyewahi kumwona. Alikuwa fundi cherehani wa wilaya ya mbali ambaye chachu yake iligeuka ikaleta harufu. Aliponya watu wote kwa kujitaja. Leo mtoto akitaka kumtukana mwenzake shuleni humwambia, "Toka, Mashauri wewe!"

*

Jumatano mchana, wenzake walipokwenda kula, Mkunde alifunga mlango wa chumba cha vipimo. Alitema mate kwenye kisahani, akakiweka juu ya kisomeo alichokiacha daktari, akafumba macho.

Kililia. *Mkunde,* kiliandika. Na chini yake: *Mgeni. Haina mwenyewe.*

Alijua. Tangu alipohesabu saba alikuwa amejua, kama mtu anavyojua kwamba barua ni ya msiba kabla hajaifungua.

Miaka mitano iliyopita binti yake, Haika, aliugua homa siku ishirini na tatu. Alipewa dawa ya kila aina, chungu na tamu, na midomo yake ikakauka mpaka ikapasuka. Alikuwa na miaka sita. Asubuhi ya maziko wanawake walimwosha, kisha wakatoka kumwacha mama dakika chache na mwanawe. Sheria ilisema chachu ya marehemu izikwe naye, kwa sababu chachu hujifunza, na kinywa cha mgonjwa hufundisha mambo mabaya. Mkunde aliifundisha sheria hiyo yeye mwenyewe, kila mwaka, kwa wauguzi wapya. Lakini alipomtazama mtoto aliona kwamba kila kitu chake kimekwisha kufa isipokuwa kile. Ndani ya kinywa kile kidogo bado kulikuwa na kitu kilicho hai, kilichoishi na Haika, kilichomjua Haika tu duniani.

Alipitisha kidole kwenye ufizi wa mwanawe. Akakitia kinywani mwake.

Hakupata ugonjwa. Yeye alizaliwa tambarare, kwenye visima vya maji yenye madini ya floridi, kabla vichujio havijaletwa. Meno yake yalikuwa na mabaka ya kahawia ambayo wasichana wenzake waliyaonea aibu, lakini yalikuwa magumu kama jiwe. Chachu ya Haika ilikaa juu ya meno yale bila kuyadhuru. Na kwa kuwa jina la marehemu hufutwa kwenye daftari, ingawa sampuli yake hubaki makao makuu, hakuna chombo ambacho kingeitambua. Kwa miaka mitano alikuwa akiamka asubuhi, akipitisha ulimi juu ya meno yake, akijiambia, yupo.

Na siku za kijiko? Mtoto akitimiza miezi sita, uji wake wa kwanza hulishwa na nesi mbele ya ukoo wake. Nesi huchota, hugusa kwa mdomo wake kupima moto, ndipo humlisha. Ni desturi. Mama asiyeonja uji wa mtoto watu humwita mchawi. Tangu Haika afe, Mkunde alionja vijiko vya watoto saba wa Kwambesa.

Walinzi wa kawaida wasingepita. Hawa walikuwa wamejifunza, ndani ya homa ile, namna ya kuingia mahali wasipoalikwa.

Alifuta matokeo. Kidole kilibonyeza chenyewe, kabla akili haijakubali. Kisha akakaa chini sakafuni. Kabatini mbele yake ilikuwapo chupa ya suuza, maji ya zambarau yanayoua chachu yoyote kwa dakika tatu, ila iliyokwisha kuzama katika meno laini ya watoto. Angesuuza leo, na Alhamisi angekuwa safi, na mzee mkaidi mwenye kijiti angebeba mzigo. Au angenyamaza tu, akabaki na mwanawe mdomoni.

Au angesema. Na jina la Haika lingeandikwa kwenye milango ya zahanati zote, na shuleni watoto wangelitupiana kama tope.

*

Jioni, jua bado liko juu ya mlima, alikwenda kwa Nakiete. Mzee alikuwa uani akiosha tangawizi ndani ya beseni, Nietiwe akichagua vipande vilivyofanana na watu.

"Huyu polisi," alisema Nietiwe. "Ana tumbo."

"Mwache polisi, nenda kaangalie kuku," alisema bibi yake. Mtoto alipoondoka, Nakiete alisema, "Karibu, nesi. Umekuja kuniomba mate na wewe?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukusalimu tu. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu wa salamu tu haji na uso kama huo."

Mkunde aliketi kwenye gogo. Aliokota tangawizi moja, akaanza kuisugua matope. "Kwa nini usiteme mate tu, mama? Dakika moja. Watajua si wewe."

"Wewe unajuaje si mimi?"

Mkunde aliendelea kusugua. Nakiete alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye beseni.

"Nitakwambia kisa," alisema. "Mdogo wangu wa mwisho, Mbazi, alipokuwa wa miezi minne aliharisha. Wakati huo watu walikuwa wanasema ni meno ya plastiki. Kwamba kuna meno mabovu ndani ya ufizi, meupe, laini, ndiyo yanayoua watoto. Basi mama yangu akampeleka kwa fundi. Fundi ana spoku ya baiskeli, ameichonga. Akachimba ufizi, akatoa vijino vinne. Vya kweli kabisa, mwanangu, vya mtoto, vilivyokuwa vinangoja zamu yao. Mama akavishika mkononi akashukuru Mungu. Akasema, sasa mwanangu atapona."

"Akapona?"

"Alikufa siku ya tatu. Damu iliingia uchafu." Alikung'uta tangawizi. "Mama yangu alimpenda Mbazi kuliko sisi wote. Sijawahi kuona mkono wenye mapenzi kama ule uliomshika asitikisike. Ndiyo maana mimi siwapi watu midomo ya kwangu. Si mafundi wa spoku, si wa mizani."

"Mama yako alijua? Baadaye?"

"Nesi mmoja wa misheni alimwambia. Mama aliweza kumwambia fundi aache. Hakumwambia. Angesemaje, naye ndiye aliyemshika mtoto? Yule fundi akachimba wengine miaka miwili tena." Akaokota tangawizi nyingine. "Hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe. La Mbazi nilimsamehe zamani."

Nietiwe alirudi mbio. "Bibi, kuku amekanyaga yai lake mwenyewe!"

Mtoto alipocheka, Mkunde aliona kwamba jino la pili la mbele nalo limeanza kuliwa ukingoni, kama karatasi iliyoshikwa na moto.

*

Alhamisi gari la kituo lilisimama mbele ya zahanati mapema. Nakiete alikuwa amemvalisha Nietiwe nguo ya kanisani na kumsuka nywele. Mzee hakulia, wala hakumshika mtu mkono. Wazazi wa wale sita walisimama mbali naye.

Daktari Senkoro alikuwa na fomu mkononi. "Bibi, kwa mara ya mwisho."

"Daktari," alisema Mkunde. Sauti ilitoka nyembamba, akalazimika kurudia. "Daktari. Kisomeo kiko wapi? Nitaweka mate yangu."

"Wewe una cheti cha kinywa safi, nesi. Haina haja."

"Cheti nilijiandikia mwenyewe."

Kisahani kilipowekwa, kilio cha chombo kilisikika mpaka barabarani. Daktari alisoma, akasoma tena. Akavua miwani na safari hii hakuifuta. "Umeipata kwa nani?"

Mkunde aliwaambia. Aliwaambia juu ya asubuhi ile, na kidole, na vijiko saba, na jinsi alivyofuta matokeo jana. Hakulia, alisema kama mtu anayesoma orodha ya dawa, maana angepumzika kidogo asingeweza kuendelea. Alipomaliza, mama mmoja alianza kupiga kelele. Mwingine alisema, "Ulimlisha mwanangu maiti!" na mumewe akamshika mabega. Neno lile Mkunde aliliacha limpige pale lilipompiga.

Nakiete alimkaribia mpaka nyuso zao zikatazamana.

"Jana ulikaa uani kwangu ukaosha tangawizi yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha nimsuke huyu mtoto kwa safari."

"Ndiyo."

"Sitakwambia pole. Labda mwakani." Kisha akageukia gari, akamwambia dereva kwa sauti ya juu, "Wewe, zima hilo gari lako, unatutia moshi bure!"

Ndani, daktari alifungua daftari la makao makuu. Alikuwa na haraka sasa, lakini alipofika kwenye mstari wa jina alisita.

"Nesi, naweza kuandika jina lako. Kinywa chako ndicho kilichosambaza. Sheria ina nafasi hapo."

"Mkiandika langu, mtafungua sampuli yangu ya zamani, siyo yake. Mtalinganisha nini na nini?"

"Tutachelewa. Labda miezi minane, mpaka tuipate kwa njia nyingine."

"Na watoto?"

Nje, mtu alikuwa akimbembeleza mtoto anayelia jino.

Kwa miaka mitano hakuna aliyelitamka jina lile mbele yake. Zamani walimwita Mama Haika. Baada ya maziko, kwa huruma, wote walibadilisha wakamwita nesi. Hakuwahi kuwaambia kwamba huruma ile ilimzika mtoto mara ya pili. Sasa angelitoa mwenyewe, na lingerudi kwake likiwa tusi.

"Andika Haika," alisema. "Homa siku ishirini na tatu. Majina ya dawa alizopewa nitakutajia zote. Nazikumbuka."

Alizitaja. Kisha akapewa chupa ya zambarau. Daktari alichukua kwanza sampuli ya mate yake kwa ajili ya dawa, akaifunga, akawapigia simu makao makuu ili waifungue ile ya zamani. Dakika tatu ni ndefu ukiwa umeshika maji mdomoni na huruhusiwi kumeza. Mkunde alihesabu kwa saa ya ukutani. Alipotema, alipitisha ulimi juu ya meno yake. Yalikuwa makavu, yana kona asizozifahamu, kama meno ya mtu mwingine.

Alikalishwa barazani kungoja gari la pili, lile litakalompeleka kujieleza wilayani. Wazazi walipita mbele yake bila kumtazama. Karatasi ilikuwa imeshabandikwa mlangoni, na baba mmoja aliisoma kwa sauti ili wote wasikie: Chachu ya Haika. Watoto saba. Dawa ndani ya siku tisini. Mpaka hapo, watoto wasafishwe meno kwa mikono, asubuhi na kabla ya kulala.

Nietiwe alikuja akakaa karibu naye, miguu ikining'inia. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Chungu," alisema.

"Najua."

"Haika ni nani?"

Mkunde alitazama mlangoni. Nakiete alikuwa amesimama pale, anasikia. Hakumwita mtoto.

"Ni mtoto wangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Nietiwe alifikiri. "Ni yeye amekula jino langu? Ni mbaya?"

"Hapana. Si mbaya. Alikuwa na homa." Maneno yalikuwa yameshaanza kuja, na hayakutaka kusimama. "Alikuwa anaogopa bata. Alikuwa anapenda ukoko wa wali kuliko wali. Na akihesabu, aliruka nane. Tulimfundisha, tukamfundisha, akaruka tu. Anasema, saba, tisa, kumi."

"Kwa nini?"

"Hakuwahi kutuambia."

Nietiwe alinyosha vidole vyake vyote kumi mbele yake, akaanza kuvikunja kimoja kimoja, taratibu, hewa ikipita kwenye pengo la jino. Alipofika saba alisimama. Akamtazama Mkunde usoni, akakiruka kidole kimoja.

"Tisa, kumi," alisema. "Kama Haika."